Nikola Tesla: Alisahihisha spidomita za magari, hesabu zake zikamshinda

KWA mfanyabiashara mwenye gari la mizigo, spidomita si pambo la dashibodi. Mshale wake ndio unaomwambia dereva kama bado yuko ndani ya mwendo unaoruhusiwa. Tarakimu zilizo karibu na mshale huo ndizo zinazomwambia mwenye gari ni lini amwage oili, tairi zimetembea kilomita ngapi na mteja aliyekodi atozwe kiasi gani. Kipimo hicho kikidanganya, hasara huingia kidogo kidogo na mwenye mali asijue imetokea wapi.

Miongoni mwa watu waliohangaika kukifanya kipimo hicho kiseme kweli ni Nikola Tesla, mvumbuzi ambaye dunia inamkumbuka zaidi kwa umeme. Mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 60 na madeni yamemzonga, alipewa nchini Marekani hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa ajili ya kifaa cha kuonyesha mwendo wa gari. Kifaa hicho kiliingia katika baadhi ya magari ya gharama kubwa ya wakati huo. Mwenyewe, hata hivyo, alikufa bila mali. Maisha yake yana somo kwa kila mtu anayezalisha kitu kizuri lakini hapendi kukaa na daftari la mapato na matumizi.

Mtoto wa padri

Tesla alizaliwa Julai 10, 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho wakati huo kilikuwa ndani ya himaya ya Austria na leo kimo nchini Croatia. Familia yake ilikuwa ya Waserbia. Baba yake, Milutin, alikuwa padri wa Kanisa la Orthodox na alitaka mwanawe afuate nyayo zake. Mama yake, Đuka, hakwenda shule, lakini alikuwa hodari wa kubuni na kutengeneza vifaa vya kazi za nyumbani. Tesla mwenyewe alipokuwa mtu mzima aliamini kwamba kipaji chake kilitoka kwa mama.

Mwaka 1873 aliugua kipindupindu na kukaribia kufa. Akiwa kitandani, baba yake alimwahidi kwamba akipona atampeleka kusomea uhandisi badala ya upadri. Alipona, na mwaka 1875 akajiunga na chuo cha ufundi cha mjini Graz, Austria.

Alianza vizuri mno, kisha akaingia katika kamari na kushindwa kumaliza masomo. Siku moja mama yake alimpa fedha na kumwachia akazicheze zote, kwa kuwa kadiri atakavyowahi kumaliza mali ya nyumbani ndivyo atakavyowahi kuacha. Kijana huyo aliona aibu, akaacha kamari. Hata hivyo, tabia ya kuweka kila alichonacho juu ya jambo moja ilimrudia baadaye kwa sura nyingine, na kwa fedha nyingi zaidi.

Mota isiyotoa cheche

Akiwa Graz, Tesla aliona mashine ya umeme iliyokuwa ikitoa cheche kila ilipozunguka, kwa sababu ilihitaji vipande vya kugusana ili kupitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka. Aliamini kwamba vipande hivyo vinaweza kuondolewa. Mwaka 1882, akiwa anafanya kazi mjini Budapest, alipata jibu alipokuwa akitembea na rafiki yake katika bustani. Jibu lenyewe lilikuwa kutumia umeme unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, ili nguvu ya sumaku izunguke yenyewe ndani ya mota na kuburuta sehemu ya katikati bila kuigusa.

Mwaka huo huo alihamia Paris kufanya kazi katika kampuni ya Edison ya Ufaransa. Mwaka 1883 alipelekwa Strasbourg, mji uliokuwa chini ya Ujerumani, kurekebisha mitambo ya taa katika kituo cha reli. Aliikamilisha kazi hiyo, lakini malipo ya ziada aliyotarajia hakuyapata. Ilikuwa mara ya kwanza, na haikuwa ya mwisho, kwa Tesla kumaliza kazi ya mtu kabla ya kuwa na makubaliano yaliyoandikwa.

Mwaka 1884 alivuka bahari hadi New York na kuajiriwa katika karakana ya Thomas Edison. Alikaa karibu miezi sita tu, akaondoka baada ya kutoelewana kuhusu malipo.

Wawekezaji wawili wakamshawishi waanzishe kampuni ya taa za barabarani. Tesla alibuni taa, lakini hataza zake aliziandikisha kwa jina la kampuni, naye akapewa hisa. Taa zilipokamilika, wenzake walimweka kando na kuendelea na biashara ya kuuza umeme. Hisa alizobaki nazo hazikuwa na thamani, na uvumbuzi haukuwa wake tena. Katika mwaka 1886, mtu ambaye baadaye angebadili viwanda vya dunia alikuwa kibarua wa kuchimba mitaro kwa ujira wa dola 2 kwa siku.

Mkataba wa dola 2.50

Mwaka 1887 alipata washirika wengine wawili, Alfred Brown na Charles Peck. Hawa walijua biashara. Walimfungulia karakana, wakahakikisha hataza zinaandikwa vizuri, kisha wakatafuta mnunuzi. Mei 1888 hataza za mota yake zilitolewa, na Julai mwaka huo kampuni ya George Westinghouse ikakubali kulipa takriban dola 60,000 kwa fedha taslimu na hisa, pamoja na mrabaha wa dola 2.50 kwa kila nguvu-farasi moja ya mitambo itakayouzwa. Kwa hesabu hiyo, mota moja ya nguvu-farasi 10 ilikuwa na dola 25 za kugawana Tesla na washirika wake.

Mota ya aina hiyo ndiyo inayozungusha mashine nyingi za kusaga nafaka zinazotumia umeme, pampu za maji na vipukusia mahindi hadi leo. Haina vipande vya kugusana vinavyokwisha, hivyo hudumu miaka mingi ikitunzwa. Kila mkulima anayepeleka debe la mahindi kwenye mashine ya umeme anafaidi jibu lililopatikana katika bustani ya Budapest.

Mapema miaka ya 1890 mabenki yaliyumba na kampuni ya Westinghouse ikabanwa na wadai. Mrabaha ule ulionekana mzigo mkubwa, na Tesla akakubali kuuacha. Simulizi iliyoenea inadai kwamba aliuchana mkataba mbele ya Westinghouse. Lililo wazi ni kwamba mrabaha ulikoma, na mwaka 1897 kampuni hiyo ikazinunua hataza moja kwa moja kwa dola 216,000. Zilikuwa fedha nyingi kwa wakati huo, lakini kidogo zikilinganishwa na idadi ya mota zilizozunguka duniani baada ya hapo. Mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulikuwa umekwisha kufika mji wa Buffalo kwa mfumo huo.

Moto na mnara

Machi 13, 1895 maabara yake mjini New York iliteketea kwa moto. Mitambo, michoro na kumbukumbu za kazi za miaka mingi ziliungua. Hakuwa na bima. Mfanyabiashara yeyote wa sokoni aliyewahi kuunguliwa banda lake anajua maana ya asubuhi ya siku kama hiyo.

Alijikusanya tena. Mwaka 1898 alionyesha boti ndogo iliyoongozwa kwa mawimbi ya redio, bila waya. Mwaka 1901 tajiri J. P. Morgan alimpa dola 150,000 ajenge kituo cha mawasiliano ya redio huko Wardenclyffe, katika kisiwa cha Long Island. Lakini Desemba mwaka huo Guglielmo Marconi alipokea ishara ya redio kutoka ng'ambo ya bahari ya Atlantiki akitumia mitambo ya gharama ndogo zaidi. Tesla, badala ya kumaliza kilichokubaliwa, alipanua mradi akitaka kusafirisha hata nguvu za umeme bila nyaya. Fedha ziliisha, Morgan akakataa kuongeza, na mnara ukabaki gofu. Mwaka 1915 eneo hilo lilipita mikononi mwa hoteli ya Waldorf-Astoria kufidia deni la malazi la takriban dola 20,000, na mwaka 1917 mnara ukabomolewa.

Somo la uji na mwiko

Ni katika miaka hiyo ya dhiki ndipo Tesla alipogeukia vifaa vidogo ambavyo kiwanda kingeweza kuvitengeneza na kuviuza. Mwaka 1913 alipewa hataza ya tabo isiyo na mapanga, yenye sahani laini zilizopangwa karibu karibu. Mvuke ukipita katikati ya sahani hizo huzinata na kuzizungusha. Kutokana na wazo hilo hilo alibuni spidomita, akawasilisha ombi la hataza Mei 1914 na kuipata Desemba 19, 1916.

Namna ilivyofanya kazi inaeleweka hata jikoni. Mpishi anayekoroga uji mzito asipoishika sufuria, huiona ikitaka kuzunguka pamoja na mwiko. Mwiko hauigusi sufuria, bali uji uliopo katikati ndio unaoivuta. Akikoroga taratibu, mvuto ni mdogo. Akiongeza mwendo, mvuto unaongezeka.

Tesla aliweka hewa mahali pa uji. Ndani ya kifaa chake kulikuwa na vikombe viwili vilivyopishana, kimoja ndani ya kingine, vikiachana kwa nafasi nyembamba mno. Kimoja kilizungushwa na kebo kulingana na mzunguko wa magurudumu. Kingine kilishikwa na springi na kilibeba tarakimu za mwendo. Hewa iliyonaswa katikati ilikivuta kikombe cha pili, springi ikakizuia, na pale nguvu hizo mbili zilipolingana ndipo tarakimu ya mwendo iliposomeka. Kwa kuwa nafasi ilikuwa nyembamba na hewa haikuruhusiwa kuingia na kutoka ovyo, mvuto uliongezeka sawasawa na mwendo. Gari likienda kasi mara mbili, tarakimu nayo ilikuwa mara mbili.

Hilo lilikuwa jambo kubwa. Baadhi ya vipimo vilivyokuwapo vilitumia vyuma vizito vinavyotanuka vinapozunguka, na vyuma hivyo kwa asili yake haviongezeki nguvu sawasawa na mwendo. Vingine vilitumia sumaku, njia aliyoipatia hataza Mjerumani Otto Schulze mwaka 1902. Sumaku ikipoteza nguvu kwa sababu ya joto, mitikisiko au umri, mshale husoma pungufu, na dereva hudhani anakwenda polepole kumbe sivyo.

Uvumbuzi wa Tesla ulichukuliwa na kampuni ya saa ya Waltham ya jimbo la Massachusetts. Haikuwa bahati kwamba ni watengeneza saa. Nafasi nyembamba kama ile ilihitaji mafundi waliozoea vipande vidogo na vipimo vya uhakika. Matangazo ya Waltham yalilitaja jina la Tesla, na spidomita hizo zilifungwa katika magari kama Packard, Pierce-Arrow, Lincoln na Rolls-Royce. Malipo kutoka Waltham yakawa moja ya vyanzo vyake vya mapato.

Hata hivyo, kifaa kizuri si lazima kishinde sokoni. Spidomita ya sumaku ilikuwa rahisi kutengeneza kwa wingi, na kwa magari ya watu wa kawaida makosa yake yalivumilika. Ndiyo iliyotawala dashibodi kwa miongo mingi, hadi vifaa vya elektroniki vilipoingia.

Kipimo husoma gurudumu

Liko kosa moja ambalo hata spidomita ya Tesla isingeweza kulizuia, na ndilo linalowasumbua wenye magari mpaka leo. Spidomita ya kawaida haioni barabara. Inahesabu mizunguko tu, kisha inachukulia kwamba kila mzunguko ni umbali ule ule uliopangwa kiwandani.

Chukua pikapu ambayo tairi yake ya asili ina mzingo wa mita 2. Kwa kilomita moja tairi hiyo huzunguka mara 500. Mwenye gari akifunga tairi kubwa zaidi, za mzingo wa mita 2.10, ili gari linyanyuke kwenye makorongo ya shambani, kipimo kitaendelea kuhesabu mita 2. Mshale ukisoma 80, gari linakwenda 84. Safari ya kilomita 210 itaandikwa 200. Kama gari linakodishwa kwa shilingi 2,000 kwa kilomita, shilingi 20,000 zimepotea katika safari moja. Oili iliyopangwa kumwagwa baada ya kilomita 5,000 itamwagwa baada ya 5,250. Tairi ndogo kuliko za asili huleta kinyume chake, na hapo anayeumia ni mteja.

Kukagua hakuhitaji gharama. Kwenye barabara kuu yenye nguzo za kilomita, dereva ashike mwendo wa 60 bila kubadili, na abiria apime kwa saa muda kutoka nguzo moja hadi nyingine. Kipimo kikiwa sahihi, kilomita moja itachukua sekunde 60. Ikichukua sekunde nyingine, 3,600 igawanywe kwa sekunde hizo na jibu ndilo mwendo halisi. Sekunde 57, kwa mfano, ni mwendo wa zaidi kidogo ya 63. Ni vyema kurudia kwa nguzo kadhaa.

Ikionekana tofauti, jambo la kwanza ni kulinganisha namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi na zile zilizopendekezwa na kiwanda. Tairi zikiwa sizo, dawa ni kurudisha saizi yake, au fundi abadili gia ndogo inayozungusha kebo ya spidi kwenye gia boksi. Kwa magari ya elektroniki, hurekebishwa kwa kompyuta. Mshale unaorukaruka kwenye gari la kebo mara nyingi ni dalili ya kebo iliyokauka grisi, iliyopinda au inayokaribia kukatika. Kulazimisha mshale kwa mkono bila kujua chanzo ni kuhamisha kosa tu. Aidha, kipimo kinachosoma juu kidogo si lazima kiwe kibovu. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39, inayofuatwa na viwanda vingi, hairuhusu spidomita kusoma chini ya mwendo halisi, lakini inaruhusu kuzidisha kwa kiasi fulani.

Chumba cha hotelini

Mwaka huo huo wa 1916 aliopata hataza ya spidomita, Tesla alifikishwa mahakamani mjini New York kwa kodi ambayo hakuilipa, na akakiri kwamba hakuwa na fedha. Mei 1917 wahandisi wa umeme wa Marekani walimtunuku medali ya Edison, nishani yenye jina la mwajiri aliyeachana naye kwa kutoelewana. Medali haikulipa madeni.

Aliendelea kubuni vipimo. Mwaka 1918 alipewa hataza nyingine ya spidomita, mwaka 1919 ya kipima mwendo wa meli, na mwaka 1921 ya kipima mtiririko wa maji. Wakati huo huo alihama hoteli moja hadi nyingine akiacha bili ambazo hazijalipwa. Fedha iliyopatikana alizitumia kwa majaribio mapya na kwa chakula cha njiwa, ndege aliowalisha kila siku katika bustani za New York na kuwauguza chumbani kwake.

Kuanzia mwaka 1934 kampuni ya Westinghouse ilianza kumlipa dola 125 kwa mwezi na kugharimia chumba chake katika hoteli ya New Yorker. Kampuni iliyokuwa ikidaiwa dola 2.50 kwa kila nguvu-farasi sasa ilikuwa ikimtunza kwa kiasi kinacholingana na mrabaha wa nguvu-farasi 50. Alikufa peke yake katika chumba hicho Januari 7, 1943, akiwa na umri wa miaka 86. Mwaka 1957 majivu yake yalipelekwa Belgrade, na mwaka 1960 wanasayansi wa dunia walikipa jina lake kipimo cha nguvu ya sumaku.

Tesla hakukosa akili, bidii wala bidhaa. Alichokosa ni tabia ya kujipima mara kwa mara: mradi umekula kiasi gani, mkataba umeandikwa kwa jina la nani, karakana ina bima au haina, na kilichoahidiwa kimekwisha kabla ya kuanza kingine. Washirika kama Brown na Peck walipokuwa karibu kumsimamia, alipata. Alipobaki peke yake, alipoteza. Mwenye pikapu atakayekagua spidomita yake wiki hii kati ya nguzo mbili za kilomita atatumia chini ya dakika tano. Akifika nyumbani, daftari la mapato na matumizi nalo linastahili kukaguliwa jioni hiyo hiyo.